Kidani cha Mzaliwa wa Kwanza

Pano Chorio,
Kisiwa cha Thermonisi,
Ugiriki.
Ijumaa, 20 Oktoba 1989.

Mpendwa mdogo wangu Themelina,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo wewe? Shemeji Stergos mgongo wake umepoa? Mwambie aache kunyanyua magunia ya unga kana kwamba bado anatafuta mchumba. Mkate utaumuka tu hata akinyanyua kijana mwingine. Nikitas na Rodanthi wanaendeleaje na masomo? Na mama mdogo, bado anakataa kujifunza lugha ya huko? Mbusu mkono, na mashavu yote mawili, umwambie ni kutoka kwa Sevasti. Kwenu huko Melbourne nadhani sasa maua ndiyo yanachanua. Kwetu tumeanza kufunga madirisha.

Sisi kiafya hatujambo. Mama anakula, analala, ananuna. Mdogo wangu Diamanto amenenepa na imempendeza. Binti yangu Maro amerudi Patra chuoni, bado miaka miwili awe mfamasia. Mimi miguu inavimba jioni, lakini hiyo si habari.

Usione nimekuandikia barua ndefu ukadhani nina nafasi. Mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu. Simu ni ile ile moja ya Pantelis, kwenye mgahawa wake anakouzia pia tiketi za meli, na ukisema halo kijiji kizima kinaitikia. Ndiyo maana nilipokupigia Septemba nilizungumzia mvua tu, nawe ukashangaa mvua gani Septemba.

Uliniuliza pwani zetu zikoje siku hizi, kama Mavri bado ina kokoto nyeusi na kama maji ya moto bado yanatoka pale penye mwamba. Zipo, mdogo wangu, zitakwenda wapi? Ila Mavri imejaa miavuli ya makuti, na pale kwenye maji ya moto wageni wanajipaka tope usoni huku wanacheka. Lefki, ile ya majabali meupe tuliyokuwa tukiteleza kwa makalio mpaka nguo zinatoboka, sasa ni picha ya kadi, inauzwa madukani Rhodes. Kila anayeshuka melini anasema hii ni pepo. Mimi nina miaka sijatia mguu baharini. Bahari naiona katikati ya shuka za wageni ninapozianika juu ya paa, buluu kidogo hapa, buluu kidogo pale, kisha upepo unanipiga shuka la uso.

Na jitu je! Kila mgeni anayepanga chumba kwetu lazima asimuliwe habari za jitu. Jinsi Poseidoni, mungu wa bahari wa kale, alivyolifukuza baharini, akamegua mlima kwa mkuki wake wa meno matatu akalitupia, na mlima huo ndio kisiwa chetu, na jitu liko chini limebanwa hadi leo, pumzi yake ndiyo inayochemsha maji. Nimelisimulia hadi limenitokea puani. Kiangazi hiki bibi mmoja Mjerumani alitoa machozi kwa kulihurumia. Nikamwambia, bibi wewe, usilie, limelala tu, halifui shuka za mtu. Hakunielewa. Akaniomba taulo jingine.

Haya, sasa nije kwenye swali lako. Barua mbili umeniandikia unaniuliza, unakuja au huji? Chumba kipo, kazi ya dukani ipo, mume wangu Minas Mungu alishamchukua huko huko baharini, sina wa kumngoja. Ukaniambia: mvike Maro kidani chake, umwachie nyumba, uje. Ulisema kama mtu anayesema funga mlango uje.

Desturi yetu unaijua, wewe ndiye iliyokutupa nje. Nyumba, mashamba, mitini, kikanisa na kidani cha sarafu za dhahabu, vyote ni vya binti wa kwanza. Wa pili hapati hata dirisha. Mama yako alizaliwa wa pili, ndiyo maana ninyi mko Melbourne. Diamanto alizaliwa wa pili, ndiyo maana amepika jikoni mwangu tangu ana miaka kumi na minne, bila mume, bila mshahara, akilala chumba cha nyuma karibu na banda la punda. Watu walikuwa wakituonea huruma sisi wa kwanza? Thubutu! Walimwonea huruma yeye. Mimi nilikuwa kanakara, mwana wa dhahabu.

Lakini wewe unakumbuka mwaka ule. Mliondoka mwezi wa Juni. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya shule ya wauguzi Athene, nikakuambia pale gatini kwamba Septemba na mimi natoka. Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, mama akanifunga kidani shingoni kwenye ua wa kikanisa mbele ya watu wote, nikaongoza ngoma, nikapewa ufunguo. Mwenye kidani haondoki. Akiondoka, nani atawawashia marehemu taa? Nani atamtunza mama, mbuzi, vyumba, kisima? Basi nikabaki. Nimebaki miaka ishirini na mitano, Themelina. Kisiwa hiki unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, na kila kona kuna mtu anakuuliza unakwenda wapi. Maji yamenifika shingoni siku nyingi.

Tangu Pasaka mama alianza wimbo wake. Maro umri umefika, Maro avikwe. Nikamwambia Maro anasoma.

“Kusoma kunazuia shingo?” akasema.

“Akivikwa atabaki, mama.”

“Kwani wewe ulipobaki ulikufa?”

Nikatoka kwenda kukamua mbuzi ambao nilikuwa nimeshawakamua.

Nikwambie ukweli wa moyo wangu. Mfungaji wa kidani ni mama mzazi. Nikimfunga Maro, mimi ndiye ninayefunguliwa. Siku hiyo hiyo ufunguo unatoka kiunoni mwangu, na meli ya Alhamisi naipanda mtu huru. Kiangazi kizima nilikuwa nikiyapima hayo. Nikiwa natandika vitanda nasema nitamvika. Nikifika kitanda cha mwisho nasema simviki, ni mwanangu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo wanavyosema, lakini hawasemi huyo mama alie mpaka lini.

Ikaja sikukuu. Ua ulijaa hadi ukutani. Maro alikuja amekata nywele fupi kama mwanajeshi, mama akamfunika kitambaa cha hariri haraka haraka kabla watu hawajamwona vizuri. Padri Sakellaris alikuwa ameshamaliza ibada, mzee Kosmas alikuwa anakaza nyuzi za zeze lake. Kidani nimekishika mikononi. Umeusahau uzito wake? Kinavuta mikono chini. Kosmas akanyamazisha zeze, watu wakafungua njia, na mwisho wa njia amesimama Maro na mama kamshika kiwiko.

Mimi nikampita Maro. Haki ya Mungu sikujua nakwenda wapi mpaka nilipofika kwenye masufuria. Diamanto alikuwa ameinamia supu ya mbuzi, mikono ya gauni kaikunja, masizi shavuni.

“Inama,” nikamwambia.

“Ngoja kwanza, nyama itashika chini.”

“Diamanto, inama nakwambia!”

Akainama akidhani ana mdudu shingoni. Kishikizo kigumu, nikajaribu, nikajaribu, kikalia tik. Akajishika kifuani, akazigusa zile sarafu, upawa ukamwanguka ndani ya supu.

Weee! Mama akapaza sauti ya ujana wake yote: “Umemvika punda lijamu ya farasi!”

Na Diamanto, ambaye hajawahi kumjibu mtu tangu azaliwe, akanyanyua uso wenye masizi. “Punda huyu, mama, ndiye aliyekubeba hadi leo.”

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha wawili, kisha Padri Sakellaris akasema, “Aishi miaka mingi!” Kishikizo kikishafungwa, shingo iwe ya nani, lazima padri aseme hivyo, na akisema lazima watu waitikie, na wakiitikia imekwisha, hakuna wa kulirudisha neno. Wakaitikia. Kosmas akalipiga zeze. Diamanto akaongoza ngoma na aproni yake, analia, anacheka, hajui hatua zinaanzia mguu gani, na wote nyuma yake wakamfuata hivyo hivyo na makosa yake. Mimi nilisimama penye masufuria nikikoroga supu. Nilikuwa na furaha, mdogo wangu. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa kisiwa hiki waliopata kuzaliwa. Mwanangu nimemwokoa, mimi mwenyewe nimetoka, na Diamanto amepata haki yake, yote kwa kishikizo kimoja.

Jioni nikamfuata Maro ukutani alikokuwa amekaa anakula tini. Nilitaka anishukuru, sikufichi. Hata mikono nilikuwa nimeshaifungua.

“Mama,” akasema, “si ungeniuliza?”

“Nikuulize nini? Nimekutoa kwenye shimo.”

“Ningesema sitaki.”

“Ungesema vipi?”

“Ningesema: sitaki. Nilikuwa nimeshajiandaa, nilikuwa nangoja ufike mbele yangu. Nyumba ungebaki nayo, ungeifunga, ungekwenda kwa mama mdogo Themelina, ungerudi ukitaka.”

“Mbele ya watu wote?”

“Shingo ni yangu, si ya watu.”

Nikamwambia hakuna msichana aliyewahi kusema hivyo. Akaniuliza, “Kuna aliyejaribu?”

Themelina, nilikaa pale ukutani kando yake. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nakumbuka ile siku yangu, mama anakuja na kidani, na mimi nimeshusha shingo kabla hajanifikia ili asihangaike kunyoosha mikono. Nilijirahisisha mwenyewe! Miaka yote nikisema nilifungwa, nilifungwa. Na huyu mtoto na tini yake mkononi ananiambia kulikuwa na neno moja tu la kusema, na hakuna aliyenikataza kulisema. Nililia pale mpaka akaniwekea koti lake mabegani.

Asubuhi yake niliamka nikaenda jikoni. Diamanto ameshakaa mezani, kwenye kiti changu, amechana nywele, ufunguo uko kiunoni.

“Sevasti,” akasema, “kahawa yangu isiwe tamu.”

Hakusema kwa ubaya, usimfikirie vibaya. Katika nyumba yetu mwenye kidani ndivyo anavyozungumza na asiye nacho, na yeye hajasikia namna nyingine. Nikampikia. Mwenzio nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nyumba haina wanawake wa aina tatu. Kuna mwenye ufunguo, na kuna anayepika. Mchana vitu vyangu vilikuwa vimeshahamishiwa chumba cha nyuma. Kidirisha chake ni sawa na sinia, kinatazama ukuta wa banda, na usiku punda akijikuna ukuta unakuna na wewe. Diamanto kalala humo tangu utotoni. Mimi nilikuwa sijawahi kuingia ila kumwamsha.

Mama hajanisemesha tangu siku ile. Tukikaa mezani anamwambia Diamanto, “Mwambie huyo mpishi wako chumvi imezidi.” Diamanto ananigeukia, “Mama anasema chumvi imezidi.” Na mimi nimekaa hapo hapo, goti langu linagusa la mama. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Lakini sasa sikiliza, maana hapa ndipo ilipo barua yenyewe.

Nimekuwa huru. Diamanto mwenyewe aliniambia, “Nenda Melbourne, nani kakushika? Mama nitamtunza, taa nitawasha, nimezoea.” Akanipa na sanduku lake la kufuli mbili, jipya, hajawahi kulitumia. Pasi ninayo tangu enzi za Minas. Maro kaniandikia, mama panda. Wageni wameondoka, hakuna hata shuka la kufua.

Alhamisi ya kwanza niliteremka gatini na sanduku langu. Bahari ilichafuka, meli ikaja mpaka nje ya ghuba, ikapiga honi, ikageuka. Watu wote walioingoja walilaani. Mimi nilisikia raha, ile raha ya mtoto anayeambiwa leo hakuna shule, kisha nikaiogopa hiyo raha yangu, nikapanda mlima kurudi sitaki kuonana na mtu.

Alhamisi iliyofuata hapakuwa na upepo wa kusingizia. Maji yamelala kama mafuta. Meli ikafika, mlango wake mkubwa ukashuka chini kwa minyororo, abiria wakaingia na mimi nikabaki nimesimama. Nikamwambia baharia nimeacha mwavuli. Alhamisi nyingine nikasema Maro atapiga simu, nyingine nimeacha jiko linawaka. Pantelis sasa amenifanya kichekesho cha mgahawa. “Sevasti, humo sandukuni kuna mayai ya kutotoa? Kila wiki unalileta lipunge upepo kisha unalirudisha.” Ninacheka nao. Nifanyeje?

Jana nilisema leo basi. Diamanto alinibebea sanduku hadi gatini, akalitia ndani ya meli kwa mkono wake, likakaa huko juu limenitangulia. Nilibakiza hatua nne, tano. Mlango ule wa chuma ulikuwa umelowa, nikauona, nikauona hata ule mstari mwekundu walioupaka ukingoni. Nikauambia mguu, nenda. Themelina, mguu haukwenda! Si kwamba niliogopa bahari, si kwamba nilimhurumia mama. Hapakuwa na kitu. Nilitafuta kilichonishika sikukiona.

“Haya mama, unapanda?” baharia akaita.

“Nimeacha jiko linawaka.”

“Hilo jiko wiki ya jana pia uliliacha linawaka!”

Wakacheka. Diamanto hakucheka. Alipanda, akalichukua sanduku, akashuka, akanishika mkono tukarudi juu. Jiko lilikuwa la baridi. Akawasha yeye, akanipikia kahawa yeye, na alipoiweka mbele yangu niliinuka nimpishe kiti.

Kidani hakiko tena shingoni mwangu. Kila asubuhi najipapasa nihakikishe. Basi ni kitu gani, mdogo wangu? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hilo naelewa. Mimi si mgeni na kamba haipo.

Kwa hiyo usiniandikie tena njoo. Kuitwa nimeitwa vya kutosha, na wewe, na mwanangu, na baharia na kijiji kizima. Kama kweli unanitaka, panda wewe. Najua ni mbali, najua duka na mgongo wa shemeji, najua uliapa hutakanyaga tena kisiwa kilichowanyima hata dirisha. Hata hivyo nakuomba. Njoo unishike mkono, uniingize melini kama kipofu, na nikianza kusema nimeacha kitu, usinisikilize. Nikipiga kelele, niache nipige. Nikiuma, vumilia.

Msalimie sana shemeji Stergos, Nikitas, Rodanthi, na umwombe mama mdogo aniwekee mkono kichwani kwa mbali kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo na homa. Diamanto anawasalimu wote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anasema karibuni nyumbani kwangu. Mama hakutuma salamu, lakini jana alimwambia Diamanto amuulize mpishi kama barua ya Melbourne imeshaandikwa. Bikira Maria awafunike kwa vazi lake, mkate wenu usiungue, na mlango wenu usikose wa kuufungua kutoka ndani.

Ni mimi ndugu yako akupendaye, ambaye bado hajapanda,

Sevasti